Mbuzi wa Ntheo na Mfungo wa Dawit

Haya, simamisheni cherehani zenu niwaambie mara moja, kwa sababu sitarudia. Tangu nirudi Moyale kila mmoja wenu amenijia kivyake. "Mumbua, Krismasi ya Ukambani ilikuwaje? Mlichinja? Mlicheza?" Nami nimekuwa nikijibu kwamba ilikuwa sawa tu, kisha nainamia kitambaa. Haikuwa sawa. Nina hasira mpaka leo, na bora niitoe hapa kati ya marafiki kuliko niende nayo nyumbani kila jioni.

Mambo ya tiketi na karatasi za Dawit nayaruka, hayo mnayajua na hayana ladha.

Kwa nini tulienda

Dawit mnamjua, fundi wa redieta kule ng'ambo ya geti la mpaka, baba ya Selam. Tumeishi pamoja mpaka mtoto ameanza shule. Lakini kwetu Mutomo mimi nilikuwa bado msichana wa nyumbani, kwa sababu hakuna mbuzi wa ntheo aliyechinjwa. Ntheo ni wale mbuzi ambao mwanamume huwaleta kwa wazazi wa mke. Mmoja anachinjwa, mzee anakata kipande na kumpa bwana, bwana anakula, na hapo ndipo mmeoana. Kanisa baadaye, karatasi baadaye. Bila hiyo, hata nikifa leo, maiti yangu ni ya mama yangu, na Selam ni mtoto wa mama yangu. Dawit angesimama kando ya kaburi kama mpita njia.

Mama yangu ni mjane, na hili lilikuwa linamnyima usingizi. Kila simu: "Mumbua, utazikwa wapi?" Mtu hata sijaumwa na kichwa!

Sasa shida ndiyo hii. Ukambani watu wa familia hupatikana Krismasi tu. Mwezi wa kumi na mbili wanateremka kutoka Nairobi na Mombasa, na Mwaka Mpya ukipita boma ni kuku na wazee. Ntheo yenye mashahidi ni ya Krismasi. Na Dawit ni Mkristo wa kanisa lao la Othodoksi, Krismasi yao, Gena, ni tarehe saba Januari. Kabla ya hapo wanafunga zaidi ya mwezi mzima. Hakuna nyama, maziwa, mayai wala siagi, na yeye chakula cha kwanza cha siku hula saa tisa mchana. Yaani siku ambayo kwetu mtu lazima ale mbuzi, kwake ni siku ambayo mbuzi haguswi.

Nilimweleza mama kwa simu mara nyingi mpaka mdomo ukakauka. Akasema, "Njooni tu. Hilo halitushindi."

Moyale hadi Nairobi

Siku tuliyoondoka upande wetu wa mji ulikuwa umetundikwa baluni na karatasi za kumetameta. Ng'ambo, mtaani kwa Dawit, watu walikuwa wanauza vitunguu kama kawaida, hakuna hata anayejua kuna sikukuu. Selam akauliza kama Yesu anazaliwa upande mmoja kwanza. Dawit akamwambia anazaliwa pande zote, ila kwao wanamngoja mpaka amalize safari. Nilipenda jibu hilo.

Basi lilijaa watu wa bara wanaokimbilia kwao: walimu, askari, mafundi wa ujenzi. Kabla ya Laisamis gurudumu likapasuka, na la akiba likawa halina upepo. Dereva akatafuta mtu wa kulaumu, kondakta akakataa kuwa mtu huyo, na sisi tukateremka kukaa juani. Ilichukua asubuhi nzima. Kina mama wa hapo wakaja na nyama ya kuchoma na maziwa ya ngamia kwenye mitungi, na watu wakaanza kula kwa fujo.

Mwalimu mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja, mtu wa Mwingi, mkarimu kupita kiasi, alinunua mbavu akamsukumia Dawit. "Kula bana! Ni Krismasi."

"Asante. Krismasi yangu bado," Dawit akasema.

"Bado wapi? Kwani Yesu alizaliwa mara ngapi?"

Watu wakacheka. Dawit naye akacheka, akawaeleza kalenda yao, kwamba hata miaka wao wako nyuma yetu kwa saba au minane. "Kwetu mimi bado kijana," akasema. Walimpenda kwa hilo. Lakini walipoona hata maziwa anakataa, hata yai, mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu si wa lile dhehebu la watu wa kufunga mpaka wafe?" Kicheko kikakatika. Mwalimu akarudisha mbavu zake taratibu, akamtazama Selam kwa huruma, kama mtoto aliyetekwa.

Nikaona balaa inakuja. Nikasema, "Ana vidonda vya tumbo."

Aisee! Kila mtu akawa daktari. Mmoja anasema juisi ya kabeji, mwingine anasema shubiri, mwingine anasema aache mawazo. Mtu akimkataa mbuzi kwa ajili ya Mungu, anaogopwa. Akimkataa kwa ajili ya tumbo, anapewa pole na nafasi ya dirishani. Tangu hapo mpaka Nairobi nilisema vidonda vya tumbo kwa kila aliyeuliza, na Dawit akanikasirikia kidogo, akisema sina haja ya kumuonea aibu. Nilimwambia si aibu, ni uchovu.

Kasikeu, ambapo tulikwama

Nairobi siielezi. Ni msukumano na nauli ya Krismasi, mnaijua wenyewe. Tulipanda gari la Mombasa Road, tukashuka Sultan Hamud, na pikipiki mbili zikatufikisha Kasikeu kwa Mjomba Mutua, kaka yake mama.

Tulipitia huko kwa sababu Dawit hana mtu Kenya. Bwana harusi haendi kwa wakwe peke yake kama mchuuzi wa sufuria. Lazima awe na mzee wa kumsemea. Mjomba ni mkulima wa ndengu na maembe, mzee wa kanisa, mtu wa maneno laini. Alikubali kuwa mzee wa upande wa Dawit. Najua si kawaida mjomba wa bibi harusi kusimama upande wa pili, lakini tungefanyaje?

Mke wa mjomba alitupokea na chai nzito ya maziwa, aliyoipika kwa mapenzi yote. Dawit akaomba turungi, chai isiyo na maziwa. Mama wa watu akanyong'onyea. Akaninong'oneza jikoni, "Ameona nyumba yetu ni chafu?" Nikamweleza mfungo. Akasema, "Lakini maziwa si nyama." Nikaeleza tena. Akasema, "Basi nitaweka kidogo tu, ya kubadilisha rangi." Nilipaswa kusikia hapo. Watu wangu, ukiwaambia kitu hakiliwi, wao wanasikia kwamba kinaliwa kidogo.

Tulidhani tutalala na kuondoka. Wapi! Mjomba alikuwa na mkutano wa maandalizi ya kanisa, halafu kwaya ilikuwa imegombana kuhusu rangi ya vitenge, halafu kukawa na suala la mbuzi. Dawit alitaka kununua wa kwanza aliyemwona sokoni. Mjomba akamshika mkono. Huyu sikio limekatika. Huyu ana kovu. Huyu ni mzuri, lakini mwenye kumuuza jicho lake silipendi. Walizunguka mpaka Selam amekula maembe akapata upele mdomoni. Mimi nilikuwa nachemka. Dawit wala. Alikuwa anajifunza mbuzi kama mwanafunzi, anarudi jioni ananieleza pembe.

Siku ya mwisho hapo mjomba alituketisha uani. Akasema, "Sikiliza, Dawit. Mimi nimekubali mfungo wako, ni wa Mungu. Siku ile wazee wakikupa nyama, wewe pokea kwa mkono, halafu unipatie mimi. Mimi ndio mzee wako. Mdomo wangu ni mdomo wako."

"Na wazee watakubali?" Dawit akauliza.

"Hiyo niachie."

Dawit akainuka akamgonga bega kwa bega, kulia, kushoto, kulia, kama wanavyosalimiana kwao. Macho yalikuwa yamemlowa. Nami nikasema moyoni, ahsante Mungu, ntheo itapita na mume wangu hatavunjwa.

Kuvuka Athi kwenda Mutomo

Jirani ya mjomba alitupeleka na pikapu yake, mbuzi watatu nyuma pamoja na Dawit, aliyekataa kukaa mbele akisema ni mbuzi wake. Kibwezi tulimbeba mwanamke aliyekuwa anaenda Ikutha na sanduku kubwa lililofungwa kwa kamba. Alikuwa anatoka Uarabuni, alikokuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mjomba, kama mtu wa kanisa, akamuuliza Krismasi ya huko ikoje.

"Huko Krismasi ni siku ya kuosha mazulia," akasema. "Nilikuwa naimba polepole jikoni, mama mwenye nyumba anafikiri naongea na mashetani."

Alipojua habari za Dawit hakucheka wala hakutoa dawa. "Mwacheni mtu afunge," akasema. "Mimi Ramadhani yao nimefunga miaka yote, na si kwa kupenda. Friji ilikuwa na kufuli. Kufunga kwa kupenda ni utajiri." Mjomba aliitikia kwa kichwa kabisa, "Kweli, dada, kweli."

Ikutha hakuna aliyekuja kumpokea. Tulimwacha ameketi juu ya sanduku lake kivulini, anapiga simu isiyoshikwa. Nilitaka tumngojee, lakini mbuzi walikuwa wanahema kwa joto na mjomba akasema tusichelewe.

Mutomo, siku yenyewe

Asubuhi ya Krismasi tulienda kanisani sote, ibada ndefu, watoto na nguo mpya, vipaza sauti vya kupasua masikio. Mchungaji alipouliza wageni wasimame, Dawit alisimama akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi ni mkwe wenu, kama mtanikubali." Watu wakapiga makofi. Mama yangu akapangusa macho na ncha ya leso. Siku hiyo mpaka hapo nilikuwa na furaha, nakiri.

Mchana boma lilijaa. Mbuzi akachinjwa, na Dawit mwenyewe alishika miguu. Wazee wakaketi, mjomba akasema maneno yake marefu mazuri, na mzee wa ukoo wetu akakata kipande cha bega akampa Dawit. Dawit akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akampa mjomba. Mjomba akala.

Wazee wakatazamana.

Mzee mmoja akasema, "Ntheo inaliwa na tumbo la kukodisha?" Mwingine akasema, "Anayekataa mbuzi amekataa msichana." Ndugu yangu Kioko, ambaye bia ilikuwa imeshapanda, akapiga kelele kwamba Krismasi ya kufunga hajawahi kuisikia, labda ni ya Waislamu. Mjomba akainua mkono. "Wazee, tuleni kwanza. Haya yataisha."

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa na sufuria ndogo kando. "Hii ni muthokoi yake, mahindi na maharagwe tu," akaniambia. "Mpelekee wewe mwenyewe, ni mke wake." Nikampakulia. Ilikuwa imepita saa tisa na alikuwa hajala tangu jana yake. Nilimpa sahani kwa mkono wangu huu. Alikula yote. Akaongeza. Akamwambia mama kwa sauti, "Mama, hii ni tamu sana, hata kwetu hakuna hivi." Mama akacheka kama msichana.

Hapo mjomba akasimama. Mzee wa Dawit. Mdomo wa Dawit.

"Wazee, mmeona? Amekula na ameongeza! Ile muthokoi imepikwa na mafuta ya figo ya huyu huyu mbuzi wa ntheo. Mbuzi yuko tumboni mwake! Ameoa!"

Vigelegele vikapaa. Kioko akamkumbatia Dawit kwa nyuma. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu, walewale waliokuwa wamenuna, wakaja mmoja mmoja kumpa mkono: "Muthoni, muthoni," mkwe, mkwe. Hakuna aliyekuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wote walikuwa wanafurahi.

 Dawit aliweka sahani chini pole pole. Aliwapa wote mkono. Kisha akanitazama, na nikajua anachouliza, nikatikisa kichwa, la, sikujua, Mungu wangu, sikujua. Akaenda nyuma ya tangi la maji. Nilimsikia anasukutua mdomo, anasukutua, anasukutua, halafu akaanza kutapika.

Niliingia jikoni nikampigia mama yangu kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu. Nilisema mmemdanganya mtu mbele ya Mungu wake, mmemfanya mtoto. Nilimwambia namchukia. Naam, nilisema, na wakati huo ilikuwa kweli.

Yeye akaendelea kusugua sufuria. "Na sisi pia tunafunga, Mumbua," akasema. "Mtu akila bila kujua, hajafungua. Aliyejua ni mimi, basi dhambi ni yangu, nitaibeba. Wewe ungekufa kesho ningemwambia nini yule mtoto? Sasa una mume, ana baba. Nilie kwa nini?"

Nikamwacha na sufuria yake. Maneno hayo ndiyo yanayonikasirisha zaidi mpaka leo.

Kurudi

Walitaka tubaki mpaka Mwaka Mpya. Tuliondoka kesho yake alfajiri. Mjomba alikuja kuaga, akamwekea Dawit bega lake, lile bega la Kasikeu. Dawit akampa mkono tu. Mjomba akabaki na bega limeinama, akaniuliza kwa Kikamba, "Kwani amekasirika? Si tumemsaidia?" Alimaanisha. Mtu huyo alikuwa ameumia kweli.

Njia nzima, Kitui, Embu, Isiolo, hakuna gurudumu lililopasuka. Basi lilienda kama linakimbizwa, na mimi nilitamani likwame popote tuzungumze. Isiolo tu ndipo aliposema. "Wanicheke, wanikatae, wanifukuze. Hayo nilijitayarisha," akasema. "Hili la kupendwa sikujitayarisha." Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Wewe hukufanya kitu." Akamfunika Selam na koti lake akafumba macho.

Hapa Moyale alikwenda kwa kasisi wao, akarudi ametulia kidogo. Kasisi alimwambia alidanganywa, si kosa lake, amalizie mfungo kama kawaida, na Gena ale na wenzake. Nilishukuru mpaka nikalia. Mama naye hupiga simu kila Jumapili kumsalimia mkwe wake, na Dawit huongea naye kwa heshima, anauliza mvua, anauliza mbuzi wawili waliobaki.

Usiku wa Gena alisimama kanisani mpaka kukakucha, amejifunga shuka jeupe. Mimi nilikuwa nimeamkia jikoni. Mnajua navyopika ule mchuzi wao mwekundu wa kuku na mayai, mama yake ndiye aliyenifundisha. Majirani walikuja, kahawa ikakaangwa, Selam akavaa gauni mlilomshonea. Mfungo umekwisha, kila kitu ruksa, hakuna kitu duniani ambacho hakuruhusiwa kula siku hiyo.

Nikampakulia. Nikaweka sahani mbele yake. Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani, akanitazama.

"Umeweka nini ndani?"

Miaka yote hiyo tumekaa, hajawahi kuniuliza. Nadhani hata yeye hakujua angeuliza, kwa sababu uso ulimbadilika hapo hapo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na majirani walikuwa wanasikia.

"Kuku," nikamwambia. "Vitunguu, pilipili, siagi, mayai."

Akasema asante, akala. Na kila siku tangu hapo haniulizi tena kwa mdomo. Anangoja nimwambie, nami namwambia.